Picha ya kioo iliyonikosanisha na kaka yangu

Penye wengi pana mengi, na sisi kwetu tu wengi. Ndiyo sababu Mama alipoambiwa na daktari mwaka wa 2021 kwamba nyonga yake ya kushoto imelika na sharti ibadilishwe, tulikubaliana, watoto, wakwe, wajomba na mashangazi, tuwe tukikutana kila Jumapili jioni kupanga mchango. Siku zile ugonjwa wa korona ulikuwa ungali unatamba na mikutano ilikuwa imewekewa masharti. Kwa hivyo tulikutana kwa kompyuta na simu, kila mtu nyumbani kwake. Kaka yetu mkubwa alikuwa mwenyekiti. Mimi nilifanywa mwekahazina, kwa vile watu hudhani kila mwandishi wa magazeti anajua hesabu pia.

Jumapili ya tatu niliamua kuwaonyesha wenzangu daftari la mchango. Nilikuwa nimelichapa vizuri katika kompyuta: jina, ahadi, kiasi kilichotolewa, salio, na mwisho kabisa safu ya maelezo. Nililipanga kwa tarehe za kulipa. Aliyetangulia kutoa alikuwa juu na ambaye hajatoa alikuwa chini. Aliyekuwa chini kabisa ni kaka. Kwa kuona haya, safu yake ya maelezo niliiacha tupu.

Nilibonyeza mahali pa kuwaonyesha wengine skrini yangu, nikaanza kusoma. Nilikuwa nimefika katikati wakati kisanduku cheupe kilipochomoza chini ya kioo, upande wa kulia. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wetu wa mwisho. Naye alikuwa mkutanoni, lakini alikuwa akininong'oneza kando kwa simu, na simu yangu nilikuwa nimeiunganisha na kompyuta ile ile. Ujumbe ulisema: "Kaka ataanza hotuba tena, na hajatoa hata shilingi."

Kisanduku kilikaa kama sekunde tano kikatoweka. Lakini kwa macho ya watu 14, sekunde tano ni nyingi mno. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyesema neno. Hatimaye kaka alikohoa, akasema, "Nimesoma, dada," na nafasi yake kiooni ikawa nyeusi. Alikuwa ameondoka.

Balaa haikuishia hapo. Mmoja wetu, na hadi leo hajajitaja, alikuwa amepiga picha ya skrini kisanduku kikiwa bado kipo. Kufikia saa tatu usiku picha ilikuwa imefika kwa mjomba kijijini, kwa shangazi, na kwa watu ambao hata mkutanoni hawakuwapo. Na katika picha hiyo, msomaji, kisanduku cheupe kilikuwa kimelala juu ya karatasi nyeupe, sawia kabisa na safu ya maelezo, mkabala na jina la kaka. Jina la aliyetuma ujumbe lilikuwapo kwa herufi ndogo, lakini nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la utani, "Kitinda". Katika kioo kidogo cha simu ya mjomba lilionekana kama neno tu. Kwa yeyote aliyeitazama picha hiyo, ni mimi mwekahazina niliyeandika katika daftari la ukoo kwamba kaka hana lolote ila hotuba.

Mjomba alinipigia simu usiku huo huo. "Binti yangu," alisema, "daftari la mchango wa mgonjwa si mahali pa kutukanana."

Nikamwambia kwamba maneno yale si yangu, kwamba yalipita tu juu ya daftari.

"Yalipitaje juu yake nami nayaona ndani yake?" akauliza. "Picha haisemi uongo."

Nilikosa la kujibu. Nimetumia kompyuta tangu nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, na kazi yangu yote ya kila siku naifanya mbele ya kioo hicho. Hata hivyo sikuwahi kujiuliza jinsi dirisha moja linavyolala juu ya jingine, wala picha ya skrini inachukua nini hasa.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi nami hapa Nairobi akisomea kompyuta chuoni. Alinikuta jikoni nimejiinamia.

"Mama mdogo, njoo nikuonyeshe," akasema. Alichukua kurasa tatu za gazeti, akazitandaza mezani, moja ikifunika kipande cha nyingine. "Wewe unadhani kompyuta iko hivi. Ukiinua ukurasa wa juu, wa chini upo."

Nikaitikia kwamba ndivyo.

Akaziondoa zote tatu. Akaleta karatasi moja tupu, akachora juu yake mistatili mitatu iliyopandana, akikatiza mistari ya nyuma pale ilipofunikwa na ya mbele. "Kioo kiko hivi. Ni karatasi moja. Hakuna juu wala chini. Sasa jaribu kuuinua huu mstatili wa mbele."

Bila shaka sikuweza. Ulikuwa wino tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na siku zilizofuata nilisoma sana juu ya jambo hili. Kioo cha kompyuta yangu kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huwa na rangi moja tu kwa wakati mmoja. Nukta haijui ni ya dirisha gani. Tunapoona dirisha moja mbele na jingine nyuma, ni macho yetu yanayodanganywa, jinsi mchoraji anavyotufanya tuone mlima uko mbali ilhali mlima na nyumba viko kwenye kitambaa kimoja.

Kiini macho hicho kina historia yake. Katika miaka ya 1970, watafiti wa kampuni ya Xerox katika kituo chao cha Palo Alto, jimbo la California, Marekani, walikuwa na kompyuta iliyoitwa Alto, iliyoanza kufanya kazi mwaka wa 1973. Kioo chake kilikuwa kidogo na mambo ya kuonyesha yalikuwa mengi. Mmoja wao, Alan Kay, alitoa wazo kwamba kioo kichukuliwe kama meza ya kazi, na madirisha yawe kama karatasi zilizorundikana juu ya meza hiyo, ile unayoitaka ukiivuta juu. Wenzake wakalitekeleza wazo hilo katika programu iliyoitwa Smalltalk.

Mwishoni mwa mwaka wa 1979 wageni kutoka kampuni ya Apple walizuru kituo hicho, akiwemo kijana mmoja fundi wa programu, Bill Atkinson. Aliporudi kazini alijitwika mzigo wa kutengeneza madirisha ambayo yangeweza kujichora upya hata yakiwa yamefunikwa nusu. Aliamini kwamba ameyaona yakifanya hivyo kule kwa Xerox. Kumbe hayakuwa yakifanya hivyo! Alijua baadaye kwamba alikuwa amebuni kitu ambacho wenyeji wake hawakuwa nacho. Atkinson alifariki mwaka wa 2025, lakini kila ufunguapo dirisha juu ya jingine, unapita njia aliyosaidia kuifyeka.

Kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu? Kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na haba. Macintosh ya kwanza, iliyotolewa Januari 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 131,072 tu. Kioo chake cha rangi nyeusi na nyeupe kilikuwa na nukta 512 kwa 342, na picha moja ya kioo kizima ilihitaji baiti 21,888. Piga hesabu mwenyewe: picha sita za madirisha makubwa kama kioo zingemeza kumbukumbu yote na kupita, bila kubakisha hata chembe kwa ajili ya programu zenyewe. Kuweka akiba picha ya kila dirisha haikuwezekana. Alichofanya Atkinson ni kubuni njia ya haraka ya kukokotoa ni sehemu gani ya kila dirisha inayoonekana, hata kama sehemu hiyo ina umbo la pembe pembe, ili programu ichore hapo tu na isivuke mpaka.

Wengine waliona heri waepuke taabu. Toleo la kwanza la Windows la kampuni ya Microsoft, la mwaka wa 1985, lilipanga madirisha ya programu ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni, hata moja lisilifunike jingine. Ni katika toleo la pili, mwishoni mwa mwaka wa 1987, ndipo madirisha yaliporuhusiwa kupandana.

Sasa lishike jambo hili, maana ndilo shina la kisa changu. Katika kompyuta za siku hizo, sehemu ya dirisha iliyofunikwa haikuwekwa popote. Ilifutwa. Dirisha la mbele lilipoondoka, mfumo wa kompyuta uliiambia programu ya nyuma, "Kipande chako kimefunuka, kichore upya." Programu nayo ikachora. Ilifanyika upesi hivi kwamba mtazamaji alidhani kipande kilikuwepo wakati wote.

Walio na umri kama wangu wataukumbuka ushahidi wake. Tulipokuwa wanafunzi mwaka wa 2009, tulikuwa tukienda kwenye saiba za katikati ya jiji, tukilipa kwa dakika. Kompyuta zilikuwa kuukuu, nyingi zikitumia Windows XP. Programu ilipokwama, ukivuta dirisha dogo juu yake liliacha nakala zake nyuma, moja baada ya nyingine, kama karata zilizotandazwa. Sisi tukicheka na kuchora maua kwa madirisha hayo. Tulidhani ni kirusi. Kumbe programu ya nyuma ilikuwa imeambiwa ichore upya, na kwa kuwa imekwama haikuitika. Kioo kikabaki na wino wa zamani.

Picha ya skrini wakati huo ilikuwa jambo jepesi na jepesi la kupotosha. Ukibonyeza Print Screen, kompyuta ilinakili kile kilichoko kwenye kioo na kukiweka tayari kubandikwa mahali pengine. Ilinakili wino, wala haikuuliza nani kauchora. Kilichofunikwa hakikuweza kuingia pichani kwa sababu hakikuwepo.

Nami niliumbuliwa na jambo hilo. Mwalimu alitutaka tuandike uchambuzi wa taarifa ya habari ya televisheni na tuambatanishe picha kutoka kwenye video. Nilicheza video saibani, nikabonyeza Print Screen, nikabandika katika programu ya kuchorea ya Paint. Lahaula! Badala ya picha iliyotulia, video ilikuwa ikicheza ndani ya Paint. Msomaji alikuwa akisoma habari ndani ya mchoro wangu. Nilidhani nimevumbua kitu. Nikahifadhi kazi, nikaenda kuichapisha kwa shilingi kumi, na karatasini kukatoka mstatili mweusi tititi. Mwalimu aliniuliza kama umeme ulikuwa umepotea.

Ilinichukua miaka 12 kujua kilichotokea. Ili kupunguza kazi, kompyuta nyingi za wakati huo hazikuipitisha video katika wino wa kawaida wa kioo. Zilipaka mahali pake rangi moja maalumu, kisha kadi ya michoro ikatega: popote ipatapo rangi ile, iweke video. Print Screen ilinakili rangi tupu. Nilipoibandika Paint, rangi ile ilirudi kwenye kioo, na kadi, kwa utiifu wake, ikaweka video juu yake. Nilikuwa nimepiga picha ya shimo, si ya kilichokuwa ndani ya shimo.

Mambo yalibadilika kumbukumbu ilipokuwa rahisi na kadi za michoro zikapata nguvu. Kompyuta za Apple zilianza na mfumo wa Mac OS X mwaka wa 2001. Za Windows zikafuata na toleo la Vista lililoingia madukani Januari 2007. Tangu hapo kila dirisha limepewa karatasi yake lenyewe mafichoni. Programu huchora kwenye karatasi yake nzima, ifunikwe isifunikwe. Kisha mtungaji mmoja ndani ya mfumo huzikusanya karatasi zote, huzipanga kwa zamu zake, hutia vivuli na uangavu, halafu huzishindilia kuwa picha moja inayopelekwa kwenye kioo, kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Dirisha moja la kujaa kioo changu huchukua baiti 8,294,400, yaani zaidi ya mara 60 ya kumbukumbu yote ya ile Macintosh ya 1984. Leo hakuna anayelia juu ya kiasi hicho.

Kwa maneno mengine, zile kurasa tatu za gazeti nilizodhani ziko kwenye kioo, sasa zipo kweli, lakini ziko nyuma ya pazia. Kwenye kioo bado kuna karatasi moja.

Ndiyo maana leo kuna picha za skrini za aina mbili, na watu wengi hawajui wanapiga ipi. Ya kwanza huchukuliwa baada ya mtungaji kumaliza kazi yake. Hiyo ni picha ya kioo: kila kilichopita mbele kimo, na kila kilichofunikwa hakimo. Ya pili huchukua karatasi ya dirisha moja kabla haijachanganywa na nyingine. Hiyo ni picha ya dirisha. Katika kompyuta za Apple, kwa mfano, ukibonyeza Command, Shift na 4 kwa pamoja, kisha kitufe kirefu cha nafasi, halafu ukagusa dirisha, utalipata zima hata kama nusu yake ilikuwa imefunikwa.

Mikutano ya kompyuta nayo ina milango hiyo hiyo miwili. Unapoonyesha, huulizwa kama unataka kuonyesha skrini nzima au dirisha moja. Mimi nilichagua skrini nzima kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Laiti ningechagua dirisha la daftari peke yake, ujumbe wa Kitinda ungenitokea mimi tu, maana ulikuwa karatasi nyingine kabisa, ya programu nyingine. Wenzangu wangeendelea kuona daftari safi. Tofauti ya mbofyo mmoja ndiyo iliyoniletea fedheha yote hiyo.

Nikadhani nimepona. Wiki iliyofuata, ili kurudisha imani ya ukoo, niliahidi kuwatumia picha ya akaunti ya mchango kutoka kwenye programu ya benki iliyo katika simu yangu. Nilipiga picha, na bila kuitazama nikaituma. Dakika mbili baadaye shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, mbona giza? Pesa ziko wapi?"

Nilitazama. Picha ilikuwa nyeusi kama ile ya saibani. Safari hii sababu ilikuwa nyingine. Kwa kuwa mtungaji ndiye anayeshika karatasi zote, anaweza pia kuambiwa na programu, "Hii yangu iende kwenye kioo, lakini usiitoe kwa mpiga picha." Simu za Android zina alama ya usiri ambayo programu, hasa za benki, huweka kwenye dirisha lake, ukijaribu kupiga picha utakatazwa au utapata weusi. Windows ilipata uwezo kama huo katika toleo la 7 la mwaka wa 2009. Tangu mwaka wa 2020, Windows 10 imeweza hata kuliondoa dirisha pichani bila kuacha doa, kana kwamba halikuwepo. Ni kinga nzuri dhidi ya wezi. Lakini jaribu kumweleza hayo shangazi aliyekwisha kuona picha mbili, moja ya matusi na nyingine ya giza, zote kutoka kwa mwekahazina mmoja. Ilibidi niende benki nikachukue taarifa ya akaunti kwenye karatasi yenye mhuri.

Ukoo ulitulia. Aliyebaki ni kaka, ambaye hakuwa akipokea simu zangu.

Nilipanda basi la usiku hadi Mombasa. Nilimkuta Mtwapa, nyuma ya meza ya samaki. Nilishangaa, kwa sababu tangu nikiwa mtoto namjua kaka kama mfanyakazi wa hoteli, shati jeupe na viatu vinavyometa. Alinikaribisha, akaniagizia madafu, wala hakunigombeza. Nikatoa kurasa zangu tatu za gazeti na karatasi moja tupu, nikamchorea kama nilivyochorewa. Nilimweleza jinsi ujumbe ulivyokuwa karatasi nyingine, jinsi mfumo ulivyozishindilia zikawa moja, na jinsi picha ilivyosahau nani kaandika nini.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua tangu siku ile kwamba si wewe uliyeandika. Naujua mwandiko wa Kitinda hata kwenye kompyuta. Nilitaka kujua jambo jingine. Kabla ya hapo, nyinyi wawili mlikuwa mnasema nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba sikuujibu ujumbe ule, na ingekuwa kweli. Lakini wiki moja kabla, katika mazungumzo yetu ya pembeni, mimi ndiye niliyeanza kumwita kaka "mwenyekiti wa mdomo". Kitinda alikuwa akiendeleza mzaha wangu. Kisanduku kile kilionyesha sentensi moja tu. Nyuma yake kulikuwa na ukurasa mzima, nami nilikuwa mmoja wa walioujaza.

Nilimwambia ukweli. Kaka alipanga samaki wake kwa muda, kimya. Kisha naye akanifunulia lake. Hoteli alikofanya kazi ilikuwa imewarudisha wafanyakazi nyumbani mwaka wa 2020 wageni walipokatika, na hakuitwa tena. Mama peke yake ndiye aliyejua, naye aliapishwa asiseme. Kaka alikuwa akizungumza sana mkutanoni kwa sababu hakuwa na kingine cha kutoa.

"Mtu akikosa shilingi, dada, hutoa maneno," alisema.

Hakuna picha ya aina yoyote, ya kioo wala ya dirisha, ambayo ingenionyesha hilo. Ilibidi niende.

Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti matatu, na nawaachia wazazi na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Kwanza, kabla ya kuonyesha wengine kompyuta yako, chagua dirisha moja wala usichague skrini nzima, na uzime arifa za ujumbe. Fahamu tu kwamba mara nyingi orodha ndogo zinazofunguka, au kikokotoo utakachokiweka pembeni, havitaonekana na wenzako, kwa maana hayo nayo ni madirisha mengine. Wakisema hawaoni, usiwagombeze.

Pili, ukipiga picha ya skrini kama risiti au ushahidi wa kazi yako ya shule, ifungue uitazame kabla ya kufunga ulichokipiga. Huenda dirisha dogo limefunika ile nambari unayoihitaji, au umepata shimo jeusi. Kilichofunikwa katika picha ya kioo hakifunuliwi tena, hata uipeleke kwa fundi gani.

Tatu, ukiletewa picha ya skrini ya mtu aliyesema hivi au vile, uliza kwanza ni karatasi ngapi zilizoshindiliwa hapo. Usiseme kama mjomba wangu kwamba picha haisemi uongo. Picha ya skrini husema ukweli juu ya kioo katika nukta moja ya saa, na zaidi ya hapo haijui kitu.

Mama alifanyiwa upasuaji Novemba mwaka huo. Leo anakwenda sokoni kwa mkongojo, na huutumia zaidi kuwaelekezea wachuuzi vidole kuliko kujiegemeza. Mkutano wa mwisho wa mchango ulifunguliwa na mwenyekiti wetu, kaka, kwa hotuba ndefu. Katika daftari, alikuwa bado wa chini kabisa kwa tarehe, lakini alikuwa ametoa shilingi 3,000, za samaki. Safu yake ya maelezo niliijaza safari hii. Kabla sijaanza kusoma niliuliza, "Jamani, mnaona nini?" Wakaniambia wanaona daftari peke yake. Nikaanza.